Ute wa Kijani Unaofaa Bustanini

Chini ya karibu kila mjigo, yaani pampu ya kisima, hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, pale maji yanapotoka kwenye zege na kuingia mtaroni, kuna ute wa kijani. Watoto huteleza juu yake. Kina mama huukwangua kwa jembe ili usiwaangushe na ndoo kichwani, kisha ute hubaki kando ya njia mpaka ukauke na upeperuke. Ute huo ni mwani, wa jamii pana ile ile yenye mwani unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, ila huu ni wa maji baridi. Kila unapotupwa, inatupwa pamoja nao mbolea ambayo mwenye bustani wa nyumba ya tatu anaitafuta na hana pesa ya kuinunua.

Mwani hauna mizizi. Hula kwa mwili wake wote, ukifyonza nitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizoyeyuka majini. Maji yanayomwagika kisimani hubeba majivu ya sufuria zilizosuguliwa, udongo, mkojo wa mbuzi, mabaki ya sabuni, na vyote hivyo vingeteremka bondeni vikapotea. Mwani unavidaka njiani. Ndiyo sababu huota kwa shida kwenye maji safi, na hunawiri pale maji machafu yanapotuama. Kwa hiyo msomaji ashike hili kwanza: mwani wa kawaida hauleti rutuba mpya, unaokoa ile iliyokuwa inakimbia. Akiuelewa hivyo hatauamini kupita kiasi, wala hatauacha uoze mtaroni.

Na sisi hatuna rutuba ya kupoteza. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilometa 40 kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Mwenye bahati ana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, chenye upana wa mikeka miwili. Mwenye uwezo kidogo amekodi shamba kwa wenyeji, na analipa kila msimu bila uhakika wa msimu ujao. Udongo wa uwanda huu wa Dowa na Lilongwe ni mwekundu na unalimika vizuri, lakini umebeba mahindi na tumbaku kwa miaka mingi, na mboji yake imekwisha. Mgao wa chakula nao umepunguzwa. Lengalenga na mpiru wa nyuma ya nyumba vimekuwa chakula chenyewe, na majani yake yakigeuka njano watoto ndio wanaopungukiwa.

Tuhesabu kabla ya kushika jembe, maana habari za mbolea ya bure huenezwa na watu wasiohesabu. Ute uliotolewa majini na kukamuliwa kwa mkono bado ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ndoo yenye kilo 10 za ute wa namna hiyo ina nitrojeni ya gramu 20 hadi 30 hivi. Urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ndoo nzima ni sawa na gramu 50 za urea, yaani kiganja kimoja kidogo. Ukikisia kwa ukarimu, hiyo inatosha kitanda cha mboga cha mita mraba 2 au 3. Kwa shamba la mahindi la kukodi, sahau. Hutaweza kubeba ndoo za kutosha. Kwa kitanda cha nyuma ya nyumba na kwa magunia ya mboga yaliyosimamishwa ukutani, kiganja kile kina maana kubwa, na kinakuja na kitu ambacho urea haina: mabaki ya mmea yanayooza, yanayolisha minyoo na kuufanya udongo ushike unyevu.

Wapo wanaofundisha kuotesha maji ya kijani kwenye beseni na kumwagilia. Hayadhuru, lakini mwani ulioelea katika maji hayo ni mchache mno: ndoo nzima ya lita 20 haifikishi hata gramu 2 za nitrojeni kutoka kwenye mwani wenyewe. Nguvu unayoiona pale inatokana na samadi iliyolowekwa ndani yake. Usitumie jua lako na beseni lako kwa hilo.

Malawi ina mfano wake mzuri zaidi, na uko Domasi, wilaya ya Zomba. Tangu miaka ya 1980 kituo cha taifa cha ufugaji wa samaki kilichopo pale, pamoja na shirika la kimataifa la utafiti wa samaki ambalo leo linaitwa WorldFish, kimefanya kazi na wakulima wadogo wa kusini mwa nchi. Mkulima anachimba bwawa dogo, anatupia pumba za mahindi, samadi na magugu. Maji yanageuka kijani kwa mwani, makumba wanaula, na sehemu isiyoliwa inakufa na kuzama. Miaka inavyopita, chini ya bwawa linajengeka tope jeusi lenye yote yaliyotupwa humo. Mkulima anamwagilia mboga kwa maji ya bwawa, na akilikausha analipeleka tope bustanini. Katika miaka ya ukame, kingo za mabwawa hayo ziliendelea kutoa mboga wakati mashamba ya juu yamekauka.

Wengi wetu hatuna bwawa. Lakini anayekodi dimba, ile bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi, karibu kila mara ana kisima kifupi cha kuchotea maji au shimo la kunyweshea. Mwezi wa Septemba au Oktoba, maji yakiwa yamepungua, tope la chini ya shimo hilo linachoteka. Lianike juani mpaka lipasuke, livunjevunje, litandaze unene wa vidole viwili, ulichanganye na udongo wa juu kabla ya mvua za Novemba. Mimi nikiulizwa nichague kitu kimoja kati ya vyote vilivyomo katika makala hii, nitachagua tope hili. Ni zito kubeba, lakini limekwisha kuoza na halina harufu.

Sasa ute wenyewe. Uutoe asubuhi kwa reki au kwa tawi lenye vijiti, usiingie majini miguu mitupu. Konokono wanaobeba kichocho hukaa katika maji yaliyotulia na hula mwani, kwa hiyo penye ute mwingi usiweke mguu bila sababu. Kwa mikono, mifuko miwili ya plastiki ikifungwa vizuri inatosha kama huna glavu. Ukamue, uweke juu ya mabua ili maji yachuruzike, uondoe vipande vya plastiki na nyembe. Nyembe zimo, hasa kwenye mitaro ya karibu na vinyozi.

Usiutandaze mbichi juu ya tuta. Ute ukikauka juani unakuwa ngozi nyembamba kama karatasi; maji ya kumwagilia yanapita juu yake na mche chini yake unakosa hewa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuufukia: chimba mfereji wa kina cha kiganja kilichosimama, kati ya mistari ya mboga au mahali utakapopanda baadaye, mwaga ute, funika kwa udongo, subiri wiki mbili au tatu kabla ya kusia mbegu juu yake. Ukipanda mapema, joto na gesi ya uozo vitachoma mizizi michanga.

Ya pili ni mboji, na ndiyo bora kama maji yako yanatoka mjigoni, ambako hujui nani ameoga au nepi ya nani imefuliwa. Ute ni laini, umelowa, na umejaa nitrojeni. Ukiurundika peke yake utanuka na majirani watalalamika kwa haki. Unataka kitu kikavu cha kuushika: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu, nyasi za paa la zamani, maganda ya karanga. Weka tabaka la vikavu lenye unene wa shibiri, kisha tabaka la ute nusu ya hapo, kisha samadi ya mbuzi au ya kuku kama ipo, majivu kidogo tu, na urudie mpaka lundo lifike kiunoni. Lundo dogo halipati joto. Funika kwa gunia. Baada ya siku tatu au nne choma fimbo katikati, iache dakika chache, ichomoe, uishike: ikiwa ya moto mkononi, kazi inaendelea. Ikitoka baridi na imelowa, ongeza vikavu. Ikitoka baridi na kavu, nyunyiza maji. Pindua kila wiki, ya nje yaende ndani, mpaka lisipate joto tena, kisha liache lipoe na likomae. Ikifika miezi miwili hivi utakuwa na kitu cheusi kinachovunjika vidoleni, na hutaona ute wala bua.

Hata mboji hiyo iliyotokana na maji ya mtaroni, iweke kwenye udongo, isiguse majani, na usiitumie kwenye mboga za kuliwa mbichi. Kwa nyanya za kachumbari na saladi, tumia mboji ya chanzo unachokijua.

Kuna mwani mwingine ambao haufai kukaribia bustani, wala mbuzi, wala mtoto. Huu hauna nyuzi. Unaelea juu ya maji yaliyotuama wakati wa joto, kijani kikali au kijani-buluu, na unaonekana kama rangi ya nyumba iliyomwagika. Kwenye ghuba ya Winam huko Kisumu, ziwa Viktoria linapata utando huu kwa sababu mbolea na maji machafu vinaingia humo bila kikomo. Baadhi ya jamii zake hutoa sumu inayoshambulia ini. Kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo, na ukimwagilia nayo mboga inaweza kuingia katika majani. Mabwawa madogo ya kunyweshea ng'ombe, madimbwi ya matofali, na mashimo yanayopokea maji ya choo yanaweza kuotesha mwani wa namna hii kabla ya mvua kuanza, jua likiwa kali na maji yakiwa machache.

Kutofautisha, chukua fimbo ndefu na uitie katika kijani hicho. Kikinasa na kuning'inia kwenye fimbo kama nyuzi au nywele, kuna uwezekano mkubwa ni ute wa kawaida. Fimbo ikitoka imepakwa tu, kana kwamba umechovya brashi, ondoka. Njia nyingine ni kujaza chupa angavu robo tatu, bila maji kugusa ngozi, uifunge na kuiacha imetulia usiku mzima. Kijani kikipanda chote juu na kufanya pete shingoni mwa chupa, mara nyingi ni ule wa hatari. Kikizama chini, mara nyingi si huo. Vipimo hivi havioni sumu. Vinakusaidia kuamua kuacha, na ukiwa na shaka, acha. Penye samaki waliokufa au ng'ombe wanaokataa kunywa huhitaji fimbo wala chupa. Na ndugu zetu wanaolima ukingoni mwa mto Lilongwe, pale unapopita katikati ya mji, nawaomba wasichukue ute wa hapo kabisa. Mto huo unapokea taka za jiji zima, na mwani unaodaka rutuba unadaka na madini mazito pia.

Nimesema mwani wa kawaida hauleti rutuba mpya. Kuna kundi moja linaloileta. Baada ya mvua kadhaa za Desemba, angalia ardhi tupu kando ya njia au nyuma ya kanisa: unaweza kuona vipande vyeusi vya kijani vinavyotikisika ukivigusa, kisha jua likitoka vinasinyaa na kuwa maganda makavu. Hiyo ni nostoki, mwani wa kijani-buluu ambao kwa hakika ni bakteria. Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, na mmea hauwezi kuigusa, nostoki inaweza. Mwaka 1939 mtafiti wa India, P. K. De, alionyesha kwamba mashamba ya mpunga hupata nitrojeni yake kwa sehemu kutokana na viumbe vya kundi hili. Vipande hivyo ni vichache mno kukusanya. Viache vilipo, maana vinashika udongo usichukuliwe na maji, na usivipalie pasipo na mboga.

Ndugu yake mmoja anaishi ndani ya majani ya azola, mmea mdogo unaoelea juu ya maji, wa kijani au mwekundu ukipigwa na jua au baridi. Azola inampa makazi, naye anaipa nitrojeni. Wakulima wa China na Vietnam wameitumia katika mpunga kwa karne nyingi. Hapa inafaa kwa mwenye mahali pa kuweka maji ya kina cha kiganja: shimo lililotandikwa plastiki, lenye kivuli cha nusu siku, udongo kidogo chini, na samadi kidogo, kwa kuwa bila fosforasi haikui. Ikipata vyote inaongezeka maradufu ndani ya siku chache hadi wiki. Baridi ya Juni na Julai inaichelewesha. Unavuna nusu, unaacha nusu. Unaifukia au unaitia kwenye mboji kama ute, na hesabu ya ndoo ni ile ile, isipokuwa hii nitrojeni imetoka hewani. Kuku na bata wanaila pia.

Azola ina upande wake mbaya. Ikiingia kwenye bwawa au kijito inafunika maji yote na kunyima samaki hewa. Afrika Kusini walihangaika nayo kwa miaka. Usiilete kutoka mbali, usiimwage mtoni, na kabla ya kuanza waulize wataalamu wa samaki wa chuo kikuu cha LUANAR, pale Bunda, kusini mwa Lilongwe. Shimo lolote la maji lifunikwe kwa chandarua kikuukuu kilichoshonwa matundu. Mbu anahitaji wiki moja au zaidi kidogo kutoka yai hadi kuruka, na bustani isiyo na malaria ni bora kuliko mboga nyingi. Mwenye watoto wadogo aweke na wigo.

Vipi mwani wa baharini? Zanzibar walianza kuulima kwa biashara mwaka 1989, wengi wao wakiwa wanawake, na mavuno mengi huuzwa nje kwa viwanda vinavyotoa vitu vya kugandisha chakula na dawa. India wanakamua maji ya jamii moja ya mwani huo na kuyauza kwa wakulima. Afrika Kusini wanafanya hivyo kwa mwani mkubwa wa Atlantiki. Maji haya yana chembechembe zinazochochea mizizi kutanuka na mche kuvumilia kiu, pamoja na potasiamu. Nitrojeni ni kidogo sana. Ukikuta chupa yake katika duka la pembejeo Lilongwe, ujue unanunua kichocheo; mche wenye njaa ukinyunyiziwa kichocheo unabaki na njaa. Inafaa siku unayohamisha nyanya au kabeji kutoka kitaluni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukizidisha, unadumaza mizizi ile ile uliyotaka ikue. Kama pesa ni ya kitu kimoja, nunua samadi.

Neno kwa wenye vitalu: utando wa kijani juu ya udongo wa miche ni dalili kwamba unamwagilia kupita kiasi. Miche iliyo hapo itaanza kunyongoroka shingoni na kulala. Punguza maji, mwagilia asubuhi, kwaruza uso wa udongo kwa kijiti ili upate hewa.

Ukiamua kujaribu, jaribu kwa namna itakayokuambia ukweli. Gawa kitanda kimoja sehemu mbili, mbegu ile ile, siku ile ile, maji kwa kopo lile lile. Upande mmoja tia mboji ya mwani, upande wa pili mboji yako ya kawaida, kipimo sawa. Weka kigingi katikati na usikiondoe. Kisha soma majani. Yakianza njano kutoka chini, mmea unaomba nitrojeni. Yakigeuka zambarau hali mche umedumaa, mara nyingi ni fosforasi, na mwani hautakusaidia haraka. Kingo za majani ya chini zikiungua kahawia, ni potasiamu. Ongeza majivu kidogo. Upande wa mwani usipoonyesha tofauti baada ya kuvuna mara mbili, udongo wako unakosa kitu kingine.

Kitu hicho hupimwa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Chitedze, kwenye barabara ya Mchinji magharibi mwa Lilongwe, kina maabara ya udongo. Kundi la majirani kumi wenye bustani zinazofanana wanaweza kuchanga na kupeleka sampuli moja: chota udongo mahali kumi na tano hivi, kina cha kiganja, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, kausha kivulini, chukua nusu kilo, andika jina la mahali na tarehe. Wasiosafiri wamkabidhi afisa kilimo wa eneo au mwenyeji anayekwenda mjini, na wafanye hivyo Agosti, ili majibu yawafikie kabla ya mvua.